Upweke wa wazee na ugonjwa wa moyo



Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadri nilikuwa nikimpelekea Komunyo mzee mmoja wa kijiji cha mbali, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mke wake alikuwa amekufa, na watoto wake wote wamekwenda mijini kutafuta kazi. Nilifika, nikasali naye, nikamkomunisha, nikaondoka mbio, maana vijiji vingine vilikuwa vikiningoja. Siku moja akaniambia: « Padri, unaniletea Bwana, nami nashukuru sana. Lakini nadhani Bwana mwenyewe angeketi kidogo. » Nilicheka, lakini sikuketi.

Miezi michache baadaye alikufa usiku. Jirani walijua siku ya pili tu. Mwuguzi wa dispansari alinieleza ya kuwa mzee yule alikuwa na ugonjwa wa tansio, na vidonge alivyopewa vilikutwa katika kopo, karibu vyote. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza: Baba, leo umemeza dawa?

Siwezi kusema kwamba upweke ndio uliomwua. Lakini tangu siku ile nimejitahidi kusoma yale ambayo wenye elimu ya uganga wamegundua juu ya jambo hili. Nataka kuyaeleza hapa kwa kifupi, kwa sababu yanatuhusu sisi tunaozunguka vijijini.

1. Tupambanue mambo mawili

Kuna kukaa peke yako: mtu hana wa kuonana naye, siku zinapita bila hodi. Jambo hili laonekana kwa macho, nalo laweza kuhesabiwa. Tena kuna ukiwa, yaani maumivu ya ndani ya mtu anayejiona hana mwenzake. Mmonaki aweza kuishi peke yake pasipo ukiwa. Bibi kizee aweza kukaa na wajukuu kumi wanaompita kama kinu kilichowekwa mlangoni, na moyo wake ukaumia. Basi tusiseme upesi: « Huyu ana jamaa, hana shida. » Yote mawili, kila moja kwa namna yake, yameonekana kufuatana na magonjwa ya moyo.

2. Habari ya mji wa Roseto

Katika Marekani, jimbo la Pennsylvania, kuna mji mdogo uitwao Roseto. Wenyeji wake wa kwanza walitoka Italia mwishoni mwa karne ya 19, wakaja kuchimba mawe bapa ya kuezekea nyumba. Baadaye walipata padri, Pasquale de Nisco. Yeye aliwatia moyo kulima bustani, akaanzisha vyama vya waamini na sikukuu za mji.

Karibu na mwaka 1960 daktari Stewart Wolf alisikia kwamba katika mji huo ni shida kumwona mtu wa chini ya miaka 65 mwenye ugonjwa wa moyo. Akaenda na wenzake kuchunguza. Je, walikula vizuri kuliko wengine? Hapana, walipika kwa mafuta ya nguruwe. Je, hawakuvuta tumbako? Wengi walivuta. Je, kazi yao ilikuwa nyepesi? Ilikuwa ngumu, na ya vumbi. Mji wa jirani, Bangor, ulikuwa na maji yale yale na hospitali ile ile, lakini huko watu walikufa kwa moyo zaidi.

Mwishowe waliona tofauti katika maisha ya watu. Katika nyumba moja walikaa babu, wazazi na watoto. Wazee waliheshimiwa na kuombwa shauri. Watu walitembeleana, walisimama njiani kuzungumza, na mwenye mali hakujionyesha mbele ya maskini.

Wolf na wenzake walitabiri kwamba, desturi hizo zikilegea, moyo nao utadhoofika. Ndivyo ilivyotokea. Vijana walijenga nyumba kubwa mbali mbali, kila mtu na ua wake. Mwaka 1992 ilitolewa hesabu ya vifo vya miaka 50, toka 1935 hata 1985: katika miaka 30 ya kwanza Roseto ilikuwa na vifo vichache vya moyo, kisha ikawa sawa na Bangor.

3. Upweke unaudhurije moyo?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ndani ya mwili. Mtu mwenye ukiwa yu kama mlinzi wa usiku asiyepokewa zamu. Mwili wake unakaa tayari kwa hatari: unatoa vichocheo vile vya hofu, damu inasukumwa kwa nguvu, usingizi unakatika. Ikiwa hivyo kwa siku moja, si neno. Ikiwa hivyo miaka mingi, mishipa ya damu inachakaa.

Njia ya pili ni ya mwenendo. Mzee aliye peke yake hapiki vizuri, kwa maana kupika chungu cha mtu mmoja kunachosha. Hatembei sana. Pengine anatafuta faraja katika pombe. Anasahau dawa. Na maumivu ya kifua yakimshika usiku, hakuna wa kumbeba.

4. Tusizidishe maneno

Mwaka 2016 wastadi wa Uingereza walikusanya machunguzi 23. Waliona ya kuwa watu wenye upweke au ukiwa walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo 29 kwa mia zaidi ya wenzao, na kiharusi 32 kwa mia zaidi. Lakini tukumbuke haya: pengine ugonjwa ndio unaotangulia, na mgonjwa anajitenga kwa sababu hana nguvu. Tena Roseto ni mji mdogo, na karibu machunguzi hayo yote yalifanywa katika nchi tajiri. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa aache vidonge kwa kuwa ametembelewa. Urafiki hauchukui nafasi ya dawa.

5. Kazi yetu

Kwanza, tuketi. Robo saa kwenye kiti cha mzee si saa iliyopotea.

Pili, tuulize mambo ya kawaida: usingizi, chakula, dawa. Maumivu ya kifua yanayofika mkononi au katika taya, pumzi fupi, jasho baridi: hizo ni dalili za kumpeleka hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi.

Tatu, tumpe mzee kazi. Anayepokea tu anajiona mzigo. Aombwe kufundisha watoto sala, kusimulia mwanzo wa misioni, kupatanisha wagombanao.

Nne, tusimame imara juu ya uchawi. Twajua wote kwamba katika vijiji vyetu bibi aishiye peke yake, mwenye macho mekundu ya moshi, huitwa mchawi upesi. Hapo watu wanamkimbia, na upweke wake unakuwa hukumu. Katekista anayeingia nyumbani mwake mchana, watu wote wakiona, na kula chakula chake, anafundisha kuliko mahubiri matatu.

Tano, kila shirika liwe na daftari la wazee, na kila jina liwe na mtu wa kulitembelea kila juma, si padri peke yake.

Waseminari, ninyi mnaosoma haya mngali vijana. Padri hana mtoto wa kumtunza uzeeni. Desturi tutakazozijenga sasa katika parokia zetu, sisi wenyewe tutazihitaji kesho. Mimi nimejifunza jambo hili kwa kuchelewa, na mzee yule hakunufaika nalo. Siku hizi, nikifika kwa mgonjwa, nazima pikipiki na kuomba kiti.