QGIS: programu moja, masini za kila aina

Siku moja mbele ya kutetea mémoire yangu, ramani ya mashamba ilifunguka vizuri kwenye ordinatere yangu ya Windows. Kwa rafiki mwenye Linux, mihogo yote ilikosekana! Kosa lilikuwa langu: pahali pamoja niliita fisheli "Mihogo", pengine "mihogo". Kwa kawaida Windows haijali herufi kubwa na ndogo; Linux inajali.

Njo maana wanaotengeneza QGIS hawaamini masini moja. Gary Sherman aliianza mwaka 2002. Leo inatumika kwenye Windows, Linux na macOS, na kila mtu anaweza kusoma na kubadilisha maandishi yake ya ndani. Ukileta badiliko, majaribio yanajiendesha yenyewe, kisha wengine wanalichunguza mbele ya kulipokea.

Lakini majaribio hayo hayaoni yote. Kazi yetu inabaki: jaribu toleo jipya, na kosa likitokea, andika hatua ulizofuata, namba ya toleo, na masini unayotumia. Mwingine asipoweza kulirudia, ni vigumu kulitengeneza.

Kazi hiyo haiombi kuwa informatisie. Inaomba kuangalia na kuandika, kama tunavyofanya shambani.