Ampli ya sinema ya nyumbani: mbele ya kutoa dola, geuza chombo usome nyuma

Katika maduka ya Birere mjini Goma, na kandokando ya soko la Kadutu kule Bukavu, kuna ampli za aina mbili. Mpya ziko ndani ya karato zenye kuandikwa wati 5000 kwa herufi kubwa. Za okazioni, zilizotoka Ulaya, Marekani ama Dubai, zina vumbi kidogo lakini majina yao ni makubwa: Yamaha, Denon, Sony, Pioneer. Baba wa jamaa aliyeweka akiba miezi kadhaa ili saloni yake ipate sauti ya sinema anasimama katikati, na muuzaji anamwambia zote ni nzuri.

Hapo pesa nyingi zinapotelea, na mara nyingi kosa haliko kwenye sauti. Liko kwenye umeme.

Congo inatumia umeme wa volti 220. Marekani na Canada wanatumia 120, Japani 100. Ampli iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ukiichomeka moja kwa moja ukutani Bukavu, inapokea karibu mara mbili ya umeme inaoweza kubeba. Ukiwa na bahati, fuzi inakatika. Usipokuwa na bahati, sehemu ya kuingizia umeme inaungua ndani ya sekunde chache, na hakuna muuzaji wa okazioni atakayekurudishia dola zako. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei, geuza chombo. Nyuma, karibu na kamba ya umeme, imeandikwa. Ukisoma 230 V, ama 220-240 V, endelea. Ukisoma 120 V peke yake, hesabu tayari bei ya transfo juu ya bei ya ampli, na transfo hiyo lazima iwe na nguvu kuzidi wati zilizoandikwa nyuma ya ampli. Mara nyingi punguzo ulilofurahia linaishia hapo.

Kuna pia umeme wenyewe wa kwetu, unaoshuka jioni watu wote wanapowasha majiko, unakatika, kisha unarudi kwa kishindo. Ampli haipendi kishindo hicho. Chombo cha kusawazisha umeme, kile wengi wanaita stabilizateri, kinapaswa kuwa ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza. Wanaotumia batri na inverta wajue kwamba inverta ya bei ya chini, isiyotoa umeme laini, inaweza kuleta mngurumo ndani ya bafle hata kama ampli ni nzima.

Kisha wati. Zile 5000 za kwenye karato hazina maana. Ni namba ya kilele, PMPO, ambayo kila kiwanda kinahesabu kinavyotaka. Namba ya kutafuta ni RMS, nguvu ambayo ampli inatoa bila kuchoka, na kampuni za kweli zinaandika pia ilipimwa kwa chaneli ngapi na kwa ohm ngapi. Yamaha RX-V385, iliyotoka mwaka 2018 kwa bei ya dola 300 hivi huko Marekani, inatoa wati 70 kwa chaneli, zikipimwa chaneli mbili kwa pamoja. Kwa mtu aliyezoea kusoma maelfu, 70 ni kama mzaha. Kwa saloni ya kawaida inatosha na inabaki. Kuongeza wati mara mbili kunaleta desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti kama imekuwa kubwa mara mbili, zinatakiwa wati karibu mara 10. Ndiyo maana dola 50 zikiongezwa kwenye bafle nzuri zinasikika kuliko dola 50 zikiongezwa kwenye wati.

Na bafle haziko ndani ya karato ya ampli ya aina hii. Wengine wanagundua wakifika nyumbani. Mfumo wa 5.1 unataka bafle tano na moja ya besi, na ile ya besi lazima iwe na umeme wake yenyewe, kwa sababu ampli nyingi zinaipelekea alama tu, si nguvu.

Swali ambalo wachache wanajiuliza ni hili: utasikiliza nini? Filamu zinazonakiliwa kwenye fleshi kule mtaani, hasa zile ambazo mfasiri amewekea sauti yake ya Kiswahili juu, kwa kawaida zina chaneli mbili tu. Muziki wa simu kwa bluetooth, vilevile. Bafle za nyuma zitanyamaza, ama zitarudia sauti ya mbele. Mwenye maisha ya namna hiyo anaweza kununua ampli ya stereo na bafle mbili imara, na akapata sauti bora kuliko jirani mwenye bafle sita dhaifu. Mwenye diski halisi, ama intaneti ya kutosha kwa filamu zenye Dolby, ndiye 5.1 itamlipa. Dolby Atmos, yenye bafle za juu, inaweza kungoja.

Kwa okazioni, tundu za HDMI zinahitaji kupimwa moja moja, maana sehemu hiyo inaweza kufa wakati sauti ingali nzima. Tundu la kwenda kwenye televizio likiwa na alama ya ARC, kamba moja tu itarudisha sauti ya televizio kwenye ampli, lakini televizio pia lazima iwe na alama hiyo.

Beba simu yako na dekoda yako dukani. Omba iwashwe dakika ishirini, sauti ikipandishwa polepole, bafle ikihamishwa kwenye kila chaneli. Ampli inayojizima yenyewe sauti ikipanda ina ugonjwa ndani. Muuzaji akisema hakuna umeme leo, rudi kesho.