Je, Maji ya Moto Huganda Kwanza?



Wanafunzi wapenzi, mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ndogo, akawahi kuweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka. Osborne aliporudi aliagiza jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapa hapa juu ya Moshi.

Mjadala haukuisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden, Uingereza, walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wala hawakuona ya moto yakitangulia.

Mnaweza kuufanya mradi huu. Tumieni vikombe vya aina moja, maji ya kipimo kimoja, na kipimajoto kiwe kina kile kile. Maji ya moto ashike mtu mzima. Amueni mapema maana ya kuganda: barafu ya kwanza, au maji yote? Rudieni mara nyingi, na andikeni hata matokeo msiyoyatarajia.

Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatufundisha kuhakiki habari kabla ya kuifuata. Kucheka si kuhakiki.

Wabillahi tawfiq.