Kemshafti na torki ya mizunguko midogo katika pikipiki

Kemshafti ni mhimili ulio ndani ya injini ya mapigo manne, wenye nundu zinazofungua valvu za kuingiza hewa na mafuta pamoja na valvu za kutoa moshi kwa wakati maalumu. Umbo la nundu hizo huchangia sana kuamua injini itavuta vizuri zaidi ikiwa katika kasi gani ya mzunguko. Kwa sababu hiyo mafundi wa pikipiki wakati mwingine hubadilisha kemshafti ili kuongeza torki, yaani kani ya kuzungusha, injini inapozunguka polepole. Kinyume na wanavyodhani watu wengi, kemshafti "kubwa" iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio kwa kawaida hupunguza mvuto huo badala ya kuuongeza.

Torki na nguvu

Torki hupimwa kwa niutonimita (Nm). Nguvu ya injini ni zao la torki na kasi ya mzunguko. Injini inayotoa torki ya Nm 12 katika mizunguko 5,000 kwa dakika ina nguvu ya takriban kilowati 6.3. Injini hiyohiyo ikitoa Nm 10 katika mizunguko 2,500, nguvu yake ni takriban kilowati 2.6 tu. Tarakimu ya nguvu inayoandikwa kwenye matangazo ya pikipiki hupatikana injini inapozunguka kwa kasi kubwa, hivyo haimwelezi mnunuzi jinsi pikipiki itakavyoondoka ikiwa na mzigo.

Mwendeshaji anayeanza kutoka akiwa na abiria au gunia la mchele hutegemea zaidi torki ya mizunguko midogo. Ikiwa ni ndogo, hulazimika kukaza mafuta na kuachia klachi taratibu, jambo linalochosha klachi na kuongeza matumizi ya mafuta.

Jinsi kemshafti inavyofanya kazi

Katika injini ya mapigo manne pistoni huvuta, hugandamiza, husukumwa na mwako, kisha hutoa moshi. Kazi hiyo huchukua mizunguko miwili ya krenkishafti, lakini kila valvu hufunguka mara moja tu. Kwa hiyo kemshafti huzunguka kwa nusu ya kasi ya krenkishafti.

Valvu ya kuingiza haifungwi pistoni inapofika chini kabisa, bali baadaye kidogo, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Sababu ni kwamba hewa ina uzito na ikishaanza kwenda kasi haisimami mara moja. Injini inapozunguka haraka, hewa huendelea kuingia ingawa pistoni inapanda. Injini inapozunguka polepole, mkondo wa hewa ni dhaifu, hivyo pistoni inayopanda huirudisha sehemu ya hewa kwenye njia ya kabureta. Silinda hubaki na hewa pungufu, mgandamizo hupungua na torki hushuka.

Tofauti ya muda inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Katika mizunguko 2,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krenkishafti huchukua milisekunde 30. Katika mizunguko 8,000 huchukua milisekunde 7.5 tu. Hakuna umbo moja la nundu linaloweza kufaa kikamilifu katika hali zote mbili, na kila kemshafti ya kawaida ni maafikiano baina yake.

Vipimo vya nundu

Kemshafti huelezwa kwa vipimo vifuatavyo:

- Mwinuko: umbali ambao valvu hufunguliwa, kwa milimita.
- Muda wa kufunguka: nyuzi za mzunguko wa krenkishafti ambazo valvu hubaki wazi.
- Wakati wa kufunga valvu ya kuingiza: kipimo chenye athari kubwa zaidi kwa torki ya mizunguko midogo.
- Mwingiliano: nyuzi ambazo valvu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa kemshafti mbili. Ya kwanza hufungua valvu ya kuingiza nyuzi 5 kabla ya pistoni kufika juu kabisa na kuifunga nyuzi 35 baada ya pistoni kufika chini kabisa. Muda wake ni 5 + 180 + 35, yaani nyuzi 220. Ikiwa valvu ya kutoa hufungwa nyuzi 5 baada ya pistoni kufika juu, mwingiliano ni nyuzi 10. Kemshafti ya pili hufungua nyuzi 30 kabla na kufunga nyuzi 60 baada, hivyo muda wake ni nyuzi 270. Ikiwa valvu ya kutoa nayo hufungwa nyuzi 30 baada ya pistoni kufika juu, mwingiliano wake ni nyuzi 60.

Ya kwanza ni ya kuvuta mzigo, ya pili ni ya mbio. Ikifungwa kwenye pikipiki ya kazi, ya pili hufanya injini itetereke ikiwa sailensa na kuwa nzito wakati wa kuondoka, kwa sababu hewa hurudi nyuma na moshi huchanganyika na hewa mpya. Anayetaka torki ya chini hutafuta muda mfupi, mwingiliano mdogo na valvu ya kuingiza inayofungwa mapema. Mwinuko unaweza kuongezwa kidogo, mradi springi za valvu ziweze kuuhimili.

Faida hiyo ina gharama. Kemshafti yenye muda mfupi hupunguza nguvu katika mizunguko mikubwa, na kasi ya juu ya pikipiki inaweza kushuka. Pia mgandamizo halisi ndani ya silinda huongezeka, hivyo petroli duni inaweza kuifanya injini igonge.

Aina za injini zilizoko Afrika Mashariki

Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000 zina injini za nasaba ya Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Kemshafti yake iko chini, karibu na krenkishafti, na huzungushwa kwa gia badala ya cheni. Ina nundu moja tu inayosukuma valvu zote mbili kupitia fimbo ndefu. Mpangilio huu ni imara na huvumilia matunzo hafifu, lakini una mpaka wake: anayebadilisha umbo la nundu hubadilisha mwenendo wa valvu zote mbili kwa pamoja.

Pikipiki kama Bajaj Boxer zina kemshafti juu ya silinda, inayozungushwa kwa cheni. Kuifikia ni rahisi zaidi, kwani mara nyingi hakuna haja ya kuteremsha injini nzima.

Baadhi ya watengenezaji wameondoa sehemu ya maafikiano kwa kutumia nundu mbili tofauti kwa valvu ya kuingiza. Mfumo wa VVA wa Yamaha, uliomo katika skuta ya NMAX 155, hutumia nundu moja katika mizunguko midogo na kuhamia nyingine katika mizunguko mikubwa.

Mfano wa Unguja

Mahitaji ya mwendeshaji hutegemea njia anazopita. Karibu na Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, barabara ni finyu na jioni watu huwa wengi. Pikipiki husimama na kuondoka mara kwa mara, na torki ya mizunguko midogo huonekana faida yake. Lakini safari ya kutoka hapo hadi Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, ni ya takriban kilomita 60 katika nchi iliyo tambarare kwa sehemu kubwa. Huko mwendeshaji huhitaji mwendo wa kudumu, na kemshafti ya mvuto wa chini inaweza kumrudisha nyuma. Hali ni tofauti kwa anayepanda milima ya Lushoto akiwa na mzigo.

Vespa za zamani zinazoonekana mjini Zanzibar ni suala jingine. Nyingi zina injini ya mapigo mawili, ambayo haina kemshafti kabisa: hewa na moshi hupita katika matundu yanayofunguliwa na kufungwa na mwendo wa pistoni au krenkishafti. Skuta mpya za mapigo manne zina kemshafti, lakini zile zenye mkanda badala ya gia hutegemea pia uzito wa rola zilizo ndani ya variata. Rola ndizo huamua injini izunguke kwa kasi gani wakati wa kuondoka, hivyo kubadilisha kemshafti bila kuziangalia huenda kusilete tofauti.

Kabla ya kubadilisha

Pikipiki iliyopoteza mvuto mara nyingi ina ubovu, wala haihitaji kemshafti ya aina nyingine. Inafaa kukagua kwanza chujio la hewa, plagi, kabureta, klachi inayoteleza, breki inayokwaruza, mgandamizo wa silinda na tapeti. Nundu iliyolika nayo hupunguza mwinuko wa valvu. Katika hali hiyo kemshafti mpya ya kawaida pamoja na roka mpya hurudisha mvuto wa awali.

Njia nafuu zaidi ni kubadilisha sproketi. Pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.00. Ikiwekewa meno 13 mbele, uwiano huwa 3.23, na torki inayofika kwenye tairi huongezeka kwa karibu asilimia 8 katika gia zote. Gharama yake ni kasi kupungua kwa karibu asilimia 7 katika mizunguko ileile ya injini. Kazi hii haigusi ndani ya injini na inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa.

Ufungaji

Kwa injini yenye kemshafti ya juu, kazi hufanywa injini ikiwa baridi. Pistoni huwekwa juu kabisa mwishoni mwa pigo la kugandamiza, alama ya T kwenye magineto ikilingana na alama ya kava. Kikaza cheni huondolewa kabla ya kutoa sproketi, na cheni hushikiliwa isidondoke ndani. Nundu mpya hupakwa oili kabla ya kufungwa.

Kosa la hatari zaidi ni kuruka jino la sproketi. Ikiwa sproketi ya kemshafti ina meno 34, jino moja ni sawa na zaidi ya nyuzi 10 za kemshafti, yaani nyuzi 21 za krenkishafti. Kosa hilo linaweza kuharibu mvuto wote, na katika baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwasha, krenkishafti huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama hailazimishwi, bali kazi hurudiwa tangu mwanzo.

Mwinuko ukiwa mkubwa kuliko wa awali, nafasi kati ya valvu na pistoni hupimwa kwa kuweka udongo laini wa kufinyangia juu ya pistoni, kuzungusha injini kwa mkono na kupima unene uliobaki. Baada ya hapo tapeti hurekebishwa kwa fila geji kulingana na kitabu cha pikipiki au maelekezo ya mtengenezaji wa kemshafti, na kabureta hukaguliwa upya.

Mipaka

Torki zaidi ya injini haiongezi uwezo wa breki, tairi wala fremu. Pikipiki inayobeba abiria wawili au zaidi, mtindo unaojulikana kama mshikaki, hubaki hatari hata ikiondoka kwa wepesi, kwa kuwa umbali inaohitaji ili kusimama huongezeka kadiri mzigo unavyozidi.