Je, Wajua? Nzi Anayekata Kiini cha Mtama

Vuta taratibu jani la katikati la mche wa mtama ulionyauka kwa ndani huku majani ya pembeni yangali mabichi. Likichomoka bila kukaza, na shina lake likawa limeoza na linanuka, basi hiyo ni kazi ya Atherigona soccata, nzi wa miche ya mtama. Mwenyewe humwoni kwa urahisi. Ni nzi wa kijivu, mdogo kuliko nzi wa nyumbani, ingawa wote wawili ni wa familia moja, Muscidae.

Undugu huo unaonekana kwenye mlo. Buu wa nzi huyu hatafuni jani bichi kama kiwavi. Hukikata kiini cha mche, kikaanza kuoza, naye akala huo uozo. Nzi waliokomaa nao huvutwa mno na harufu ya unga wa samaki. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao, huko Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India, wameutumia unga huo kwenye mitego, na hata kuuweka shambani makusudi ili nzi wajae na aina za mtama zipimwe ipi inastahimili. Mdudu wa nafaka anayekimbilia samaki! Kwangu mimi huyu ni nzi wa jalalani aliyehamia shambani bila kuacha tabia za kwao.

Jike hutaga yai moja moja, jeupe na refu, upande wa chini wa jani, sambamba na mshipa wa kati. Baada ya siku mbili au tatu yai huanguliwa, mara nyingi usiku au alfajiri, na buu mdogo huteremka kuelekea kwenye kiini. Anahitaji unyevu njiani. Uso wa jani ukiwa mkavu, wengi hawafiki. Ndiyo maana aina za mtama zenye majani yanayong'aa na vinyweleo upande wa chini hushambuliwa kidogo: jike hapendi kutaga hapo, na buu hupata taabu kushuka.

Mche huwa hatarini tangu wiki ya kwanza hadi kama ya nne baada ya kuota. Toka yai hadi nzi mpya ni takriban wiki tatu. Weka hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini anayechelewa kupanda huumia kuliko jirani aliyewahi: miche yake inachomoza wakati kizazi kilicholelewa kwenye shamba la jirani kinaanza kuruka. Mche uliokatwa kiini huenda ukatoa machipukizi ya pembeni, lakini nayo nzi huyafuata. Wakulima wengine hupanda mbegu nyingi shimoni, kisha wakati wa kupunguzia wakang'oa miche iliyokufa kiini.

Kumtaja nzi huyu kwa jina lake halisi ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jenasi ya Atherigona ina spishi zaidi ya 200. Mtaliano Camillo Rondani ndiye aliyeiita spishi hii soccata mwaka 1871, na kwa miaka mingi baadaye maandishi ya India yalimtaja kama namna tu ya spishi nyingine, Atherigona varia. Tatizo ni kwamba majike, ambao ndio wanaotaga na kuleta hasara, wanafanana mno. Wataalamu huwatofautisha madume, kwa kutazama chini ya hadubini viungo vilivyo mwishoni mwa tumbo, hasa kimoja chenye sehemu tatu ambacho umbo lake hubadilika toka spishi hadi spishi. Kwa hiyo mtu humkamata jike shambani asijue ni nani. Njia ya uhakika ni kukusanya miche iliyokufa kiini, kuifungia, na kungoja madume yatoke. Mtaalamu wa nzi J. C. Deeming alipochapisha mwaka 1971 uchambuzi wa nzi hawa wa kaskazini mwa Nigeria, ilidhihirika kwamba kila nafaka inaweza kuwa na wake: uwele una Atherigona approximata, na barani Asia mpunga una Atherigona oryzae.

Halafu wapo nzi wa nafaka ambao si ndugu wa karibu hata kidogo. Familia ya Cecidomyiidae, yenye nzi wembamba wanaokaribia umbo la mbu, ndiyo iliyotoa fundisho ghali kuhusu majina. Kwenye mpunga wa Afrika kulikuwa na nzi ambaye buu wake hugeuza chipukizi kuwa mrija mweupe kama jani la kitunguu, usiotoa suke. Alichukuliwa kuwa Orseolia oryzae yuleyule wa Asia. Mwaka 1982 wataalamu Harris na Gagné walionyesha kwamba ni spishi nyingine, wakaiita Orseolia oryzivora. Ipo Afrika Magharibi, hasa Nigeria, na huku kwetu imeripotiwa Tanzania, Malawi na Zambia. Mpunga mwingi uliozalishwa Asia kwa ajili ya kumshinda nzi wa huko haukufua dafu mbele ya huyu.

Ukitandaza ramani, jambo linalovutia ni nani aliyesafiri na nani aliyebaki. Nzi wa miche ya mtama yuko Afrika, Asia na kandokando ya Mediterania, ila hakufika Marekani wala Australia, ingawa mtama ulifika. Stenodiplosis sorghicola, nzi mdogo wa rangi ya chungwa anayetaga kwenye maua ya mtama na kuacha suke tupu, yuko karibu kila mtama unakolimwa. Naona sababu iko katika mahali buu anapokaa. Wa pili hulala ndani ya ganda la punje, akasafiri na mbegu. Wa kwanza anaishi kwenye mche, na hakuna anayesafirisha miche ya mtama baharini.

Ndugu mmoja wa huyo wa kwanza, hata hivyo, alipata upenyo. Atherigona reversura anashambulia ukoka, nyasi ambayo Wamarekani huipanda kwa ajili ya lishe ya mifugo. Mwaka 2010 alionekana katika jimbo la Georgia, kisha akaenea kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Buu hukata ncha ya shina, majani mawili au matatu ya juu yakakauka, na shamba zima likaonekana jeupe kwa mbali. Wakulima wa huko wameshauriwa kwamba, dalili zikitokea mavuno yakiwa yamekaribia, wakate nyasi mapema waiondoe shambani, kisha walinde machipukizi yanayofuata.