Minangkabau: Shamba haliuzwi, rehani ndiyo inayouma

UKIPANDA barabara ya kwenda Pariangan, kijiji kilicho ubavuni mwa mlima wa volkano wa Marapi katika kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, utaona majaruba ya mpunga yamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka bondeni. Maji hushuka kwa mfereji, yakajaza jaruba la juu, yakamwagikia la pili, na kuendelea hivyo hadi la mwisho. Ukiuliza jaruba fulani ni la nani, mara nyingi utatajiwa jina la mama.

Hiyo ndiyo nchi ya Waminangkabau, katika jimbo la Sumatra Magharibi. Ni Waislamu, wakulima na wafanyabiashara hodari, na ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru wa Morogoro. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mashamba ya mpunga na nyumba kubwa ya ukoo, yenye paa lililopinda kama pembe za nyati, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Mume huhamia kwa mkewe. Anaweza kulima jaruba la mkewe miaka 30 na lisiwe lake hata hatua moja. Heshima yake iko kwao alikozaliwa, ambako yeye ni mjomba wa watoto wa dada zake. Mjomba ndiye msimamizi wa mali ya ukoo, husuluhisha ugomvi wa mipaka na husema mbele ya wazee, lakini naye hana ruhusa ya kuuza. Wala hakuna mwingine mwenye ruhusa hiyo.

Msomaji Mwislamu atauliza: na mirathi je? Swali hilo liliwasumbua wenyewe kwa muda mrefu. Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa huko aliyekuwa imamu wa madhehebu ya Shafi katika Msikiti Mtukufu wa Makka hadi alipofariki mwaka 1916, aliipinga vikali desturi hiyo. Mwaka 1952 wazee, masheikh na wasomi walikutana mjini Bukittinggi wakakubaliana hivi: mali ya kale ya ukoo ifuate mila, na mali ambayo mtu ameichuma kwa jasho lake igawanywe kwa sheria ya dini. Duka, gari, au shamba la mdalasini alilolinunua mwenyewe, watoto wake watarithi. Jaruba la bibi halimo katika hesabu hiyo.

Faida ya mpango huu ni rahisi kuiona. Mkulima aliyepata hasara leo haamki kesho akiwa hana pa kulima, na tajiri wa mjini si rahisi aje na mfuko wa fedha akanunue bonde zima. Tarehe 11 Mei 2024, mvua kubwa ilipoyashusha matope na mawe ya Marapi katika wilaya za Agam na Tanah Datar, watu zaidi ya 60 walikufa na mashamba mengi yakafukiwa. Waliopona walikuwa na ardhi ya ukoo ya kurudia, hata kama kwanza ilibidi waondoe mawe.

Ugumu unaanza pale mama mwenye majaruba anapohitaji fedha. Benki hutaka dhamana, na ardhi isiyoweza kuuzwa ni dhamana mbovu machoni mwa benki. Ili iwekwe bondi, lazima ukoo mzima ukubali, pamoja na mjomba na ndugu walio mbali. Serikali ya Indonesia ilianzisha mwaka 2007 mpango wa mikopo midogo ambayo yenyewe huidhamini, na wapo waliofaidika. Wengine huingia katika "julo-julo", ambayo msomaji wa hapa ataitambua mara moja kuwa ni upatu: kila mmoja hutoa, na zamu ikifika mtu hubeba chote. Kuna hata upatu wa kazi, ambapo wanawake hulimiana mashamba kwa zamu.

Lakini kwa shida kubwa, njia ya siku zote ni rehani ya jaruba.

Mila inataja sababu nne tu zinazoruhusu shamba la ukoo kuwekwa rehani: nyumba ya ukoo inavuja, msichana amefikia umri na hajaolewa, maiti imelala ndani na hakuna cha kuizikia, au ukoo unataka kumsimika mkuu wake baada ya kiti kukaa wazi. Karo ya shule haimo. Hospitali haimo, wala mtaji wa biashara au nauli ya kijana anayekwenda kutafuta maisha Jakarta. Hata hivyo mashamba huwekwa rehani kwa hayo yote, na wazee hufumba macho.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwenye fedha humpa mama kiasi walichokubaliana, na jaruba linahamia kwake. Halipishi riba; yeye huchukua mavuno mpaka siku deni litakaporudishwa lote kwa mkupuo. Hakuna tarehe ya mwisho. Wakati mwingine mama hubaki akililima jaruba lake mwenyewe kwa nusu kwa nusu: analima, anapanda, anapalilia, kisha nusu ya magunia yanakwenda kwa mwenye fedha. Kama hiyo si riba iliyovaa kanzu, basi ni jirani yake wa karibu, na wapo masheikh wa huko wanaosema hivyo hivyo.

Tena deni mara nyingi huhesabiwa kwa dhahabu. Kipimo chao kimoja, "ameh", ni gramu mbili na nusu. Zamani hilo lilionekana ni haki, kwa kuwa noti hushuka thamani na dhahabu haiozi. Lakini tazama kilichotokea. Mwaka 2000 wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 za Marekani katika soko la dunia. Mwaka 2024 ilipita dola 2,000. Bei ya mchele imepanda pia, ila si kwa mwendo huo. Aliyepokea ameh 10 wakati ule na kuzitumia kwa paa la nyumba, anatakiwa kurudisha ameh 10 zile zile, na magunia ya kuzinunulia yameongezeka mara kadhaa.

Sheria ya nchi iko upande wake. Tangu mwaka 1960 sheria ya kilimo ya Indonesia inasema shamba lililokaa rehani miaka saba au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo, kwa kuwa mkopeshaji amekwisha kujilipa kwa mavuno. Ni wachache wanaoitumia. Mkopeshaji mara nyingi ni jirani, pengine ni ndugu wa ukoo huo huo, na kumpeleka mahakamani mtu aliyekusaidia siku ya msiba ni aibu ambayo watoto watakuja kuibeba. Isitoshe, nani atakukopesha tena?

Kwa hiyo ukombozi hutafutwa mbali. Vijana wa kiume wa Minangkabau wana desturi ya kuondoka kwao kwenda kuchuma, wakiuza nguo sokoni au kufungua migahawa ya chakula cha Padang, ambayo imeenea Indonesia nzima. Wengi hurudi kwa Idi. Aliyefanikiwa huja na dhahabu, na wazee huitwa wakae washuhudie ikipimwa mbele ya pande zote mbili. Mjomba husema maneno machache, chai inanywewa, na hati ya zamani ya rehani huchanwa kama ilikuwepo. Msimu unaofuata mama hulima jaruba lile lile kwa maji ya mfereji ule ule, na magunia yote yanaingia nyumbani kwake.