Matairi ya Trela ya Boti na Spea Yake

Tairi la trela ya boti mara nyingi huharibika kabla kashata zake, yaani mikato ya mpira inayoshika barabara, hazijaisha, kwa kuwa hulemewa na mzigo kwa saa chache na kisha husimama juani kwa miezi mingi. Ndiyo maana mnunuzi anayetazama kashata peke yake huishia kuamini tairi lisiloaminika.

Nchini Marekani, ambako ni desturi kuvuta boti kwa gari kutoka nyumbani hadi ziwani au baharini, matairi ya kazi hii hutambulishwa kwa herufi ST, na mbavu zake hufanywa ngumu ili trela isiyumbe. Alama ST205/75R14 humaanisha upana wa milimita 205, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 75 ya upana huo, nyuzi za radiali, yaani zilizotandazwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na rimu ya inchi 14. Inayofuata ni herufi ya daraja la mzigo, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote: tairi la kipimo hicho la daraja C hubeba ratili 1,760, karibu kilo 798, likijazwa upepo wa paundi 50 kwa inchi ya mraba, ilhali la daraja D hubeba ratili 2,040 kwa paundi 65. Kwa hakika upepo ndio unaobeba boti, na tairi lililopungukiwa hujikunja kila linapozunguka, likapata joto, hata tabaka zake zikaachana. Tairi la gari dogo likifungwa kwenye trela, kanuni za huko hutaka uwezo wake ugawanywe kwa 1.10.

Kosa kubwa hutokea katika hesabu ya uzito, kwa sababu takwimu ya mtengenezaji mara nyingi ni ya boti tupu, bila injini, betri, nanga wala mafuta, na petroli lita 200 pekee huzidi kilo 140. Heri kuipima trela ikiwa imepakiwa kila kitu, kisha kuchagua matairi yanayobaki na akiba ya uwezo.

Umri husomwa ubavuni pia: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mathalani 3523, huonyesha juma la 35 la mwaka 2023. Tairi lenye nyufa halifai, hata likiwa na kashata nzima.

Spea nayo haistahili kuwa tairi lililostaafishwa. Yapasa ilingane na mengine kwa kipimo na daraja, na matundu ya rimu yalingane na skurubu za kitovu, kwani spea ya gari linalovuta ni nadra kuingia kwenye trela. Kwa kuwa huning'inia nje bila kutumika, huzeeka sawa na wenzake, hivyo hufunikwa dhidi ya jua na kupimwa upepo kila safari. Panapotumika maji ya chumvi, rimu iliyopakwa zinki hustahimili kutu zaidi, na nati hufunguliwa nyumbani mara kwa mara, kwa spana na jeki zile zile zitakazosafiri, maana jeki ya gari huenda isiifikie ekseli ya trela.